Mboga za Bibi Kando ya Mfereji

Mwezi uliopita nilipita Savage, mji mdogo wa Amerika tulikoishi nilipokuwa mtoto, kwa shughuli zangu, nikajikuta nimeegesha gari pale pale baba alipokuwa akiegesha. Njia ya mbao bado inakatiza juu ya kinamasi, na ukiimaliza unatokea kwenye mfereji wa zamani, uliochimbwa enzi za mashua za nafaka. Ukitembea polepole haikuchukui hata dakika ishirini. Lakini maji ya kifuu bahari ya chungu, ndugu yangu. Nilipokuwa na miaka minane sikujua kama njia ile ina mwisho.

Kiangazi kimoja cha miaka ya tisini bibi alikuja kutoka Morogoro kumhudumia mama, aliyekuwa amejifungua mdogo wangu. Kila Jumamosi asubuhi baba alitutoa nyumbani, mimi na bibi, ili mama alale. Yeye alibaki garini na gazeti, sisi tukaingia kwenye ukungu. Nakumbuka harufu ya tope lililoanza kupata jua, vyura wakiitana, ndege weusi wenye mabega mekundu wakiyumba juu ya matete. Bibi alivua viatu akatembea peku juu ya mbao, akinisimulia hili na lile. Nilimwelewa kila neno. Kumjibu ndiyo ilikuwa kazi. Nilijibu kwa Kiingereza, naye alicheka na kuendelea kana kwamba tumeelewana.

Siku moja, karibu na mfereji, akaona mnavu. Mnavu, Amerika! Alipiga kigelegele kidogo, akainama, akaanza kuchuma na kutia kwenye pindo la kanga. Mzazi hapewi kabichi, alisema, mzazi hupewa mboga chungu. Furaha ile sijaiona tena kwa mtu mzima.

Ndipo akaja mlinzi wa eneo, mzee mwenye kofia pana. Kwa upole kabisa akaniomba nimweleze bibi kwamba hapa hakichumwi kitu. Aibu ilinichoma masikio. Nikatafuta Kiswahili kichwani, nikapata kile tu nilichokuwa nikiambiwa mimi nyumbani kila siku.

"Acha!" nikamwambia bibi yangu. "Weka chini! Unasikia, wewe?"

Kwetu mtoto huchapwa kwa kosa dogo kuliko hilo. Mlinzi alitabasamu, akidhani nimefanya vizuri. Bibi alinitazama, kisha akakung'uta kanga, majani yakaanguka. Akavaa viatu.

"Haya, mjukuu wangu. Nimesikia."

Njia nzima ya kurudi alitangulia mbele, viatu vikigonga mbao.

Hakumwambia baba. Jioni alipika spinachi ya dukani kwa karanga, akanipakulia mimi wa kwanza. Nilikula huku nalia, mama akadhani ni pilipili.

Aliondoka kabla majani ya miti hayajaanza kugeuka rangi. Siku hizi watu wanakisifu Kiswahili changu. Naweza kuomba radhi kwa namna kumi, na bibi ana miaka mingi kaburini. Kinachoniuma ni kwamba nafasi nilikuwa nayo. Kila Jumapili baba alipopiga simu Morogoro alinipa mkonga wa simu. Nilisema shikamoo, bibi akaitikia marahaba, halafu akanisubiri. Nilimsikia akipumua. Nikamrudishia baba simu.