Hoja niliyoifuta kabla ya kuwafundisha wanachuo kuhusu Kiingereza

Wakuu, salaam. Wakubwa wangu shikamooni, kama humu mmo. Naeleza ilivyotokea, bila chumvi.

Ni enzi za Ujamaa. Nilikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima kijijini, Ulaya ya Kilosa (si ile ya wazungu). Shule niliishia darasa la nne. Kiingereza nilijifunza mwenyewe nilipokuwa mkata mkonge Kimamba.

Wakaja wanachuo wa chuo kikuu kulima nasi wakati wa likizo. Kiongozi wao akaniomba niwaeleze jinsi Kiingereza kilivyogeuka lugha ya mataifa.

Nikakubali haraka mno.

Kumbe mwenyekiti wa kijiji angehudhuria! Huyu alishamwondoa karani wa kijiji kwa "kasumba ya kikoloni", kisa barua ya Kiingereza. Nami sikuwa na kazi nyingine.

Nikaandika hoja tano daftarini. Ya tano ikanitisha, nikaifuta.

Siku yenyewe mwenyekiti alikaa mbele, jembe magotini.

Nikaanza: kule shamba la mkonge meneja alikuwa Mgiriki, fundi mitambo Kalasinga, karani Mgoa. Mwingereza hakuwepo hata mmoja, lakini wao kwa wao walisemezana Kiingereza.

Mwanachuo mmoja akadakia, "Ndiyo maana mwalimu unakitamka kama Mgiriki!"

Wakaangua kicheko. Mwenyekiti hakucheka, akauliza:

"Mwalimu, walisemezana wapi?"

"Mbele yetu, mzee. Walidhani hatuelewi."

"Wewe ulielewa?"

Hiyo ndiyo hoja ya tano niliyoifuta: kwamba nami nilikielewa. Lakini uongo sikuuweza.

"Nilielewa. Siku moja walipanga kutuongezea mafungu ya kukata kwa ujira uleule. Nikawanong'oneza wenzangu. Asubuhi hakuna aliyeingia shambani."

Mwenyekiti akaniangalia sana. "Mimi nilikuwa kambi ya pili ya shamba lilelile. Tuligoma pamoja nanyi. Sisi tuliambiwa habari ile kaiota mganga."

"Hapana, mzee. Ni mimi."

"Na kuku wangu nilimpelekea yeye!"

Safari hii kicheko alikianza yeye mwenyewe. Kisha akawageukia wanachuo: "Mbona hamwandiki?"

Wiki iliyofuata alikuja darasani kwangu na daftari jipya la Kiingereza, akaketi palepale mbele.

Nilichojifunza: lugha ni ya anayeielewa, na woga hufuta hoja iliyo bora. Wakuu, ninyi mliwahi kufuta ipi? Karibuni, hata kwa kunikosoa.