Mfuko wa Mama Mwenye Mbwa

Wenzangu wa ghala pale Minto walinialika wikiendi ya kuwinda mbweha kwa farasi na mbwa, nje ya Sydney, na asubuhi nzima nilimtazama mama mwenye mbwa hao. Aliwaita mmoja mmoja kwa jina, kwa sauti ya kuamsha watoto wa shule, na vidole vyake vinene vilipapasa kila sikio kutafuta miiba. Lakini mimi niliogopa mfuko aliouning'iniza begani. Kwetu Fizi mgeni wa mawindo hupewa kipande cha kwanza, na kukataa ni matusi. Na mbweha alikuwa ameshakamatwa. Mchana akaketi kando yangu, akaufungua. Akatoa mkate na mayai.

“Na mbweha?” nikauliza.

“Mbweha haliwi!”

Akacheka mpaka akashika mbavu, akamega mkate, kipande cha kwanza akanipa mimi. Nikakipokea kwa mikono miwili.