Anayekwenda Kujifungua Hafungwi

Mdogo wangu aliyenifuata ziwa ameshona viti vya magari tangu ndevu hazijamwota, lakini yeye mwenyewe kukaa hakuwezi. Mama yetu alikuwa akisema mtoto huyu kakalia siafu. Anakula amesimama. Ukimkaribisha kiti, atakiinua kwanza atazame kilivyoshonwa kwa chini, agune, kisha aegemee mlango. Mtaani wanamwita Fundi Kava.

Karakana yake ni banda la mabati lenye cherehani nzito, marobota ya leksini, ile ngozi ya bandia, na vipande vya sponji vinavyorukaruka kila upepo ukiingia. Sifa yake ni ulaini. Kava yake haina kunyanzi, na kiti cha nyuma akikimaliza utadhani kitanda kilichotandikwa. Ili kiwe hivyo alikuwa na mtindo wake: vile vifungio vya mikanda vinavyochomoza katikati ya kiti cha nyuma alivisukuma chini ya sponji, akashona juu yake. Hakuna mteja aliyelalamika. Wengi wanaamini mkanda ni wa dereva na aliye kando yake, na hata hao hujifunga kwa ajili ya askari, wakishampita, wanauachia.

Mimi nimejifunga tangu marehemu mume wangu aliponunua gari lake la kwanza, na mdogo wangu amenicheka miaka yote hiyo. Majibu hayamwishi. Ajali haina kinga, atasema. Gari likiwaka moto utatokaje, dada, nawe umefungwa kama mbuzi? Kisha anakuletea habari ya mtu aliyerushwa nje ya gari, akatua kwenye majani, akajipangusa akaenda zake. Nikamwuliza, na wengine waliorushwa, umepata kuzungumza nao? Akasema mimi nina ubishi wa watu waliosoma darasa la saba la zamani. Hilo nililipokea kama sifa.

Basi binti yake akapata mimba. Ya kwanza ilikuwa imeharibika, kwa hiyo safari hii nyumba nzima tuliishi roho juu. Mimba ilipofika mwezi wa nane, mkunga wa zahanati akampapasa, akakuta mtoto amekaa vibaya, akasema aende hospitali kubwa, mwendo wa asubuhi hadi mchana. Tungetumia gari la mdogo wangu, lile analowaonyesha wateja kama tangazo, lenye kava nyekundu ya damu ya mzee.

Asubuhi hiyo alilizunguka gari mpaka nikapata kizunguzungu. Alipiga teke matairi, akafungua boneti, akaifunga, akaifungua tena. Mkwe wake ndiye aliyekuwa dereva. Mimi niliwekwa mbele kwa sababu ya magoti yangu, na binti nyuma pamoja na baba yake. Nikamsikia binti anapapasa kiti.

"Baba, cha kufungia kiko wapi?"

Akamjibu kwamba kipo, kimelala. Kisha akasema neno ambalo naamini alikuwa amelitunga usiku kucha. "Mwanangu, wewe unakwenda kujifungua. Anayekwenda kujifungua hafungwi."

Mkwe akatazama usukani. Baba mkwe hapingwi, na neno lenyewe lilikuwa tamu masikioni. Neno likipatana na neno, watu hudhani wamepata ukweli. Binti akaniuliza mkunga alisemaje, maana nilikuwepo. Nikamweleza tena: utepe wa chini unapita chini ya tumbo, kwenye mifupa ya nyonga; wa juu unapita katikati ya matiti na kushuka pembeni ya tumbo. Tumbo lenyewe halibanwi. Mdogo wangu akasema mkunga hajawahi kushona kiti hata kimoja, na kwamba yeye atamshika mwanawe kwa mikono yake, mikono hii inayovuta leksini tangu ujana.

Binti akafungua mlango, akashuka, akaketi kwenye kizingiti cha nyumba.

"Baba, yule wa kwanza sikuwa na la kumfanyia. Huyu ninalo."

Baba mtu akaenda bandani kwa haraka zake, akarudi na wembe. Alikata ile kava nyekundu huku ameugeuza uso kando, kama anayechinja kuku aliyemfuga mwenyewe. Akatumbukiza mkono kwenye sponji, akakitoa kifungio, akakipuliza vumbi. Tulipomfunga binti, nikamwambia atoe na cha kwake.

"Kimoja kinatosha, dada. Mimi sina mimba."

Njiani hakutulia. Mara amechungulia katikati ya viti vyetu kumwelekeza mkwe, mara amegeuka kutazama nyuma. Tulipotoka kwenye kona, lori lilikuwa limekufa barabarani, halina hata tawi la kutuonya. Mkwe akakanyaga breki kwa mguu na kwa roho yake yote. Mdogo wangu alinyoosha mkono amkinge mwanawe, lakini akaruka yeye, akagonga mgongo wa kiti changu na kuniminya kwenye mkanda wangu. Tulisimama karibu na lori kiasi cha kusoma maandishi yake yaliyofutika.

Binti alikuwa palepale alipokaa, mikono tumboni. Kifundo cha mkono wa baba yake kilikuwa kimekaa upande ambao kifundo hakikai. Mwenyewe hakukitazama.

"Anacheza?" akauliza.

"Hachezi," binti akasema.

Hospitali walimwingiza ndani, nasi tukabaki kwenye ukumbi. Nesi alitaka kumtazama mkono, mdogo wangu akakataa. Akawa anakwenda na kurudi, mkono unaning'inia, jasho linamtoka. Sijawahi kuona ukuta ukitazamwa vile. Mwishowe mkunga akatoka akifuta mikono.

"Moyo wa mtoto unapiga vizuri. Alikuwa amelala tu. Sasa wewe baba, huo mkono ni wa nani?"

Hapo ndipo mdogo wangu alipokaa. Alikaa sakafuni, akalia.

Mjukuu alitolewa kwa upasuaji, msichana, na mapafu yake hayana mchezo. Babu yake alipewa plasta ngumu na kuambiwa apumzike nyumbani. Nani atamkalisha? Anazunguka mtaani na wembe katika mkono wa kushoto, anayatafuta magari aliyoyashona, anachana kava na kuvitoa vifungio. Juzi mwenye gari moja alimkuta amejitumbukiza nusu mwili kwenye kiti cha nyuma, akamwuliza kwa hasira nani kamtuma aharibu kazi ya fundi.

"Fundi mwenyewe," akamjibu, hata hakugeuka. "Sogea kidogo, unaniziba mwanga."