Jani la Sale Golini kwa Baba

Majuzi wakandarasi wa barabara walipasua mwamba karibu na kwangu, harufu ya baruti ikaingia hadi jikoni. Ni harufu kali, ya kiberiti na vumbi la jiwe, inayokaa kooni kama pilipili iliyoungua. Wajukuu walikimbilia dirishani kushangilia. Mimi niliweka mwiko chini nikasubiri filimbi. Siku hizi hakuna filimbi, watu wana simu zao, lakini mwili wa mzee haujui hayo. Basi kaeni karibu niwaeleze filimbi hiyo ilikuwa ya nini.

Nililelewa machimboni, chini ya mji wa Moshi, upande wa njia ya Kahe, enzi za Mwingereza. Hapo mawe yalivunjwa kuwa kokoto za kutandaza chini ya reli, na wavunja mawe walikaa na familia zao katika vibanda vya bati. Jioni hapakuwa na la kufanya ila karata na ugomvi, ndipo wakaanzisha mpira. Uwanja waliusawazisha wenyewe juu ya mabaki ya mawe, hata ukimwona mchezaji wetu mjini ulimjua kwa magoti yake. Mpira wa kwanza ulikuwa wa matambara. Wa ngozi ulipopatikana ulilala kwa zamu nyumba hadi nyumba, na zamu yetu ikifika baba aliupaka mafuta kabla hajanawa kula. Vijana wa mjini waliwacheka wakawaita Kokoto. Wenyewe wakalipokea jina, wakalishona kifuani kwa uzi mwekundu, na hiyo ndiyo ikawa klabu.

Baba alikuwa golikipa. Alikuwa mtu wa Tanga, Mwislamu, aliyefika Moshi akifuata kazi ya reli. Mama alikuwa binti wa Walutheri wa Machame, na alipoolewa na baba, babu alimfungia mlango. Ndugu mmoja tu hakumtupa, naye ni kaka yake mkubwa, mjomba Eliamani. Mjomba alishuka mlimani akaomba kazi machimboni, akawa beki wa Kokoto, na kila Jumamosi alituletea ndizi mshare na kibuyu cha maziwa. Alipoingia mlangoni mama alianza kuongea Kichagga kwa kasi kana kwamba alikuwa ameshika pumzi wiki nzima.

Kazini pia wawili hao walikuwa pamoja. Mjomba alitoboa mwamba kwa mtaimbo, baba alishindilia baruti na kuwasha utambi. Kabla ya kuwasha, mjomba alizunguka kuondoa watu, kisha akaita, "Shemeji!" Baba akiitika, "Naam!" ndipo kiberiti kilipowashwa. Baada ya mshindo filimbi ililia, maana yake wote wazima. Sisi wa nyumbani tuliishi kwa filimbi hiyo.

Sasa angalieni jinsi mpira unavyoweza kuwafanya watu wazima watoto. Tulicheza na timu ya reli. Mjomba alimrudishia baba mpira, na baba alikuwa ameshatoka golini kuufuata. Ukampita ukaingia taratibu, bila aibu yoyote. Baba akaropoka mbele ya watu, "Mchagga na mpira wapi na wapi! Rudi ukapalilie migomba!"

Mjomba akamjibu, "Na mke wako ulimpata wapi, si kwenye migomba hiyo hiyo?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Baba akamsogelea, mjomba akamsukuma, na golikipa wetu akaanguka chali juu ya kokoto. Tangu siku hiyo hawakusemezana. Jumamosi ikafika, ndizi hazikuja.

Mwanzoni nilihuzunikia ndizi. Kisha nikaanza kumtazama mama. Saa ya baruti ilipokaribia aliacha kila kitu, akasimama mlangoni akiniegemea bega, na vidole vyake viliniuma. Mjomba hakuita tena. Aligonga mtaimbo kwenye jiwe, na baba akakisia kuwa ndiyo ishara. Lakini machimboni kila mtu anagonga jiwe! Mama alimsihi baba, "Baba Zuhura, mwite wewe." Baba akasema aliyemwangusha mwenzake ndiye wa kuanza. Mama akamfuata kaka yake. Naye akasema aliyetukana ndiye wa kuanza. Fahali wawili hawakai zizi moja, na hawa walikaa shimo moja na baruti katikati.

Siku moja mshindo ulilia kabla ya saa yake. Mama alikimbia miguu mitupu. Alimkuta baba amekaa chini, mweupe kwa vumbi, sikio likivuja damu, na mjomba amesimama kando. Jiwe lilikuwa limepita katikati yao. Hata hapo hawakusema neno. Usiku huo mama hakumlaumu mtu.

Haikupita wiki, Kokoto wakawa na mchezo mwingine na timu ya reli, kwetu nyumbani. Mimi na wasichana wenzangu tulikaa juu ya kifusi. Baba alikwenda golini kwake, akasimama ghafla. Kwenye mlingoti palifungwa jani bichi la sale, refu, limepigwa fundo katikati.

Sale mnaujua, ni mmea wanaopanda Wachagga mipakani mwa vihamba vyao, yaani mashamba ya ukoo. Watu wa pwani waliona jani na fundo, wakaona uchawi. "Reli wametuloga!" Reli nao wakaapa kwamba ni sisi. Mmoja akasema lisiguswe, lichomwe pale pale, akaenda kutafuta kiberiti. Wachagga wa timu yetu walilijua jani lile ni la nini, lakini wote walimtazama mjomba wakinyamaza, maana jani kama lile lina mwenyewe, na mwenyewe ndiye husema. Mjomba hakusema. Mimi nilijua tu kwamba mchawi amemkusudia baba yangu, nikakimbia nyumbani nikilia.

"Mama, kuna jani limefungwa golini, wanataka kulichoma!"

"Yelewi! Ole wangu!" Mama akatoka na unga mikononi.

Hapakuwa na mwanamke aliyewahi kukanyaga uwanja ule. Mama aliukata katikati, wanaume wakampisha. Alilifungua jani kwenye mlingoti, akamnyooshea baba kwa mikono miwili, na mikono hiyo ilitetemeka hata jani likachezacheza.

"Baba Zuhura, pokea. Huu si uchawi. Kwetu mtu akikukosea hukuletea sale, na sale halikataliwi. Kaka yangu anakuomba radhi."

Macho yote yakamgeukia mjomba. Alimtazama mama kwa muda mrefu. Kisha akainamisha kichwa.

"Mbona hakuniambia?" baba akauliza.

"Si ndiyo anakwambia?"

Baba akalipokea. Akamfuata mjomba akampa mkono, watu wakapiga makofi. Alitaka kulichomeka jani kwenye bukta acheze nalo, refa akakataa katakata kuanzisha mchezo, kwa hiyo mama alikaa nalo kwenye kifusi hadi mwisho. Tulifungwa vilevile. Kesho yake mchana nilimsikia mjomba akiita, na baba akaitika, na mama akakaa chini mlangoni akalia kwa sauti.

Miaka ikaenda. Jiwe zuri likaisha, wavunja mawe wakatawanyika, na Kokoto ikafa bila mtu kuizika. Baba alikufa kitandani, kwa uzee, jambo ambalo mama hakuacha kumshukuru Mungu kwalo.

Tulipomzika mama, mjomba alikuwa mkongwe wa mkongojo. Nilimwamkia, nikakaa naye, nikamsifu kwa lile jani, kwamba yeye ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko ugomvi.

"Jani gani?" akasema. "Mimi sikufunga jani. Nililiona nikashangaa kama wenzangu. Nilipoona fundo ndipo nikajua. Dada yangu alikuwa wa mkono wa kushoto, mafundo yake yalilala upande wake."

Mwenye kujua desturi anajua kwamba sale halichezewi, na kulitoa kwa jina la mtu asiyeomba radhi ni kujitakia laana. Mama alilijua hilo. Na pale uwanjani, neno moja tu la kaka yake lingemwaibisha mbele ya mumewe na mbele ya Wachagga wote.

"Kwa nini hukumkana?"

"Nilimwona mikono. Nikasema moyoni, huyu anaogopa kuliko sisi tulio na baruti."

"Na baba? Ulimsamehe kweli siku ile?"

Mjomba akatikisa kichwa. "Siku ile hapana, mwanangu. Nilimsamehe baadaye, kule kazini, kidogo kidogo, kila nilipoita akaitika."