Fundi wa Spika na Dakika Yake Moja

Jumanne asubuhi nilikuwa napiga mswaki uani, jirani akaja kuniambia kwamba fundi wa spika wa pale Kijenge amefariki dunia. Moyo ulikuwa ukimsumbua tangu masika, na safari hii haukumpa nafasi ya kufika hospitali. Nilihuzunika kwelikweli. Kisha, Mungu anisamehe, nikaanza kucheka na povu la dawa mdomoni, hata jirani akanitazama vibaya. Nilikuwa nimekumbuka dakika moja niliyomnyang'anya mtu huyu mbele ya umati, ambayo miaka yote hii alinidai kwa utani kila tulipokutana.

Msomaji wa Arusha, huenda humjui kwa sura, lakini masikio yako yanamjua. Tangu biashara ilipofunguliwa na spika za Dubai zikajaa mjini, na vyama vikawa vingi, na kila mwenye neno akatafuta uwanja wa kulisemea, yeye ndiye aliyefunga vyombo. Mkutano wa injili, mhadhara wa Waislamu, chama tawala leo na wapinzani kesho: kabla ya wote ilitangulia sauti yake, "Alo, alo, moja, mbili." Na yeye mwenyewe hakuamini kwamba Mungu yupo. Alikuwa mtoto wa wafugaji Walutheri wa Olasiti, mwenye kipaimara chake, lakini ukimuuliza alikujibu taratibu kwamba haamini, kama mtu anayekwambia kwamba hatii sukari kwenye chai. Alikuwa na sharti moja la kazi. Akishafunga spika aliondoka kwa miguu, akitembea mpaka mahali sauti inapofifia. Akikuta bado inasikika kwenye mlango wa zahanati, au wa nyumba ya ibada ya watu wengine, alirudi akaigeuza spika. "Uhuru wenu unaishia pale kwenye mti," aliwaambia wenye mkutano. Wahubiri wa pande zote walinung'unika, maana kila mmoja alitaka asikike hadi kileleni Meru, lakini hakuna aliyekuwa na sauti safi kama yake, basi walikubali.

Sasa niwaambie habari ya dakika. Tulikuwa na mkutano wa injili Nduruma, siku nne, nami nilikuwa katibu wa kamati ya maandalizi, kijana mwenye tai na kiherehere. Siku ya mwisho ni desturi yetu kwamba kila aliyetumika asimame atoe ushuhuda. Walisimama akina mama wa jikoni, wakasimama walinzi wa viatu na baiskeli, na kila mmoja akaanza na "Bwana Yesu asifiwe," nasi tukaitika. Mwinjilisti akanogewa. Akamwona fundi amekaa kimya kando ya amplifaya, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mtu anaweza kukaa siku nne mkutanoni bila kuwa na ushuhuda, akamtia maikrofoni mkononi. Fundi akasimama, akapangusa vumbi kwenye suruali. "Hamjambo," alisema. "Mimi nawashukuru kwa ugali na maharage. Ila nisiwadanganye, mimi siamini kwamba Mungu yupo." Sikungoja sentensi ya pili. Niliruka viti, nikaichomoa plagi kwenye jenereta kwa mkono wangu huu ninaoandikia.

Spika zikazimika. Nilikuwa nimeishika plagi kama mtu aliyeua nyoka, nikisubiri kupongezwa. Aliyekuja ni dada mmoja wa kwaya, mwimbaji wa sauti ya pili, Mchaga wa Machame, na joho lake la kijani. Alinipokonya ile plagi. "Kaka, sisi tumeongea siku nne," alisema. "Yeye hajafikisha hata dakika moja. Unaogopa nini?" Akaichomeka. Spika zikanguruma, fundi akaijaribu kama kawaida yake, "Alo, alo," na watu wakaanza kucheka. Akaendelea: "Biblia nimeisoma mara mbili, bado sijashawishika. Lakini sauti nimewatengenezea vizuri, sijawatengenezea?" Umati ukajibu, "Umetengeneza!" "Basi naomba mtu asiniombee pepo litoke. Hili pepo ndilo linalojua kuunga waya." Mwinjilisti mwenyewe alicheka mpaka akakalia ngazi ya jukwaa. Mimi peke yangu ndiye niliyetoka pale nimenuna.

Baada ya mavuno mawili fundi na yule dada walioana bomani. Kila Jumapili alimsindikiza mkewe mpaka geti la kanisa, akamngoja kwenye kibanda cha chai akisoma gazeti, ibada ikiisha wakarudi wakibishana kuhusu mahubiri, ambayo yeye alikuwa ameyasikia yote kutoka nje kwa sababu spika zilikuwa zake. Mimi akiniona alinyoosha kidole: "Katibu, dakika yangu!"

Ndiyo maana wiki hii familia iliponiomba niandike wasifu wa marehemu, nilijua mtihani umenifikia. Baba yake mdogo, mzee wa kanisa, alinivuta pembeni kule Olasiti. "Andika kwamba alimrudia Bwana kabla ya kulala," aliniambia. "Nani atajua? Watu watasikitika bure, na ukoo utaonekanaje?" Nilimwelewa, naye alikuwa na machozi. Na kwa aibu yangu, kalamu ilikuwa imeshaanza kuandika. Mjane alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu yetu. "Shikamoo baba," alisema, na mzee akaitika. "Mimi nimemwombea mume wangu kila siku, na nitaendelea. Lakini hakuwahi kunidanganya. Msimfanye mwongo leo ambapo hawezi kujibu." Kisha akanitazama mimi, na nikaiona ile plagi.

Siku ya mazishi niliusoma wasifu kwenye spika za marehemu mwenyewe. Nilipofika kwenye mstari wenyewe niliisogeza maikrofoni karibu, nikasoma: "Hakuamini kwamba Mungu yupo, na alilisema hilo mchana, mbele yetu sote." Minong'ono ikaanza, na kijana mmoja wa ukoo akainuka kuelekea kwenye amplifaya. Mchungaji aliyekuja kumfariji mjane, ambaye ni yule yule mwinjilisti wa Nduruma, alinyanyua mkono. "Mtu asiguse waya," alisema. "Katibu, maliza." Mjane akacheka huku akilia, tukacheka wote, hata baba mdogo. Nikasoma dakika nzima, polepole. Kisha mchungaji akafanya maombi kwa ajili ya walio hai, na kwaya ya mjane ikaimba vizuri kuliko nilivyowahi kuisikia.

Tangu uhuru wa kusema ulipotangazwa, nimeandika mengi hapa gazetini kuhusu serikali na vyama, nikidhani adui wa uhuru huo anakaa ofisini. Fundi alinionyesha kwamba adui huyo naye huvaa tai, huketi mstari wa mbele na huimba tenzi kwa moyo. Mimi bado naamini, na Jumapili nitakuwa kanisani. Ila nikimsikia mtu anasema jambo linalonichoma, kwanza nautazama mkono wangu uko wapi.