Siku Nilipopima Seva Mbili Kolwezi

Nakumbuka Jumatatu moja ya kiangazi, hapa Kolwezi, nilipofika kazini nikakuta makatoni mawili makubwa mbele ya chumba cha kompyuta. Ndani mlikuwa na seva mbili. Mfanyabiashara mmoja wa Lubumbashi alikuwa ametuachia tuzijaribu kwa wiki moja, kisha tuchague moja na kumrudishia nyingine. Mwanangu, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuzipima.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, mkataba wangu bado wa majaribio, katika maabara ndogo inayopima madini. Wachimbaji walituletea mawe yao, tukayasaga na kuyapima, kisha kompyuta ikapiga hesabu na kutoa karatasi ya kuonyesha kiasi cha shaba na kobalti kilichomo. Bila karatasi ile hawakuweza kuuza. Seva yetu ya zamani ilikuwa imechoka, na kila siku watu walikaa uani hadi jua linazama, wakisubiri majibu.

Seva ya kwanza ilikuwa na viini thelathini na viwili, yaani sehemu thelathini na mbili za prosesa zinazoweza kupiga hesabu kwa wakati mmoja. Ya pili ilikuwa na viini vinane tu. Sasa nimezeeka, sina haja ya kujipamba, kwa hiyo nitakuambia ukweli: nilikwisha kuchagua kabla sijachomeka waya. Nilikuwa nimeshamwambia mama yangu, na wasichana wote wa kwaya yetu, kwamba nitasimamia mashine yenye nguvu kuliko zote Kolwezi.

Nikachukua programu ya majaribio niliyoijua tangu chuoni. Inavishughulisha viini vyote kwa pamoja, kisha inatoa namba moja. Niliiendesha mara moja kwenye kila seva, asubuhi ile ile ya baridi, na ile kubwa ikaiacha nyingine mbali sana. Nikaandika ripoti yenye michoro ya rangi. Nilipokutana na mkurugenzi kwenye varanda, sikungoja hata aniulize. Nilimwambia tuchukue ile kubwa, naye akampigia simu mfanyabiashara atume gari Jumatano, lije kuchukua ndogo.

Lakini kwetu kila ripoti ilisomwa kwanza na mtu wa pili. Yangu ilikwenda kwa Tata Muteba, mkuu wa mizani, mzee wa Sandoa aliyeanza kazi ya maabara kabla sijazaliwa. Aliisoma polepole, kidole kikifuata mistari, halafu akavua miwani.

"Mutoto yangu, hii programu ulipima nayo, tunaitumiaka hapa labo?"

Nikamjibu hapana, ile ni ya kupimia tu.

"Na ulipima mara ngapi?"

"Mara moja, Tata."

Hakunikaripia. Alinipeleka kwenye chumba cha mizani akafungua daftari lake. Kila jiwe lilikuwa limepimwa mara tatu, na katikati ya mawe aliweka unga wa jiwe ambao jibu lake lilijulikana, ili ajue kama mizani inasema kweli. Kisha akaniambia maneno ninayoyasikia hadi leo.

"Ulipima nguvu ya mashini. Kazi yetu hauyaipima. Na bale bantu pale inje banangoya kazi."

Nilikasirika, mwanangu, kuambiwa kwamba kazi yetu bado sijaipima. Nilitoka bila kuaga, nikala ugali wangu wa bukari peke yangu, nikijisemea mzee wa mizani anajua nini habari za prosesa. Mchana, kwa kutaka kumwonyesha tu kwamba amekosea, nikaweka sampuli za mwezi mzima kwenye seva zote mbili, nikaanzisha programu yetu wenyewe ya hesabu, nikaketi katikati ya hizo mbili.

Ndogo ikamaliza. Kubwa ilikuwa bado inaendelea.

Nilipochungulia ndani nikaona sababu. Programu yetu, iliyoandikwa miaka mingi nyuma, ilimpa kazi yote mtu mmoja, tuseme hivyo: kiini kimoja kilihangaika, na vile thelathini na kimoja havikuwa na la kufanya. Tena kiini kimoja cha ile kubwa kilikuwa na mwendo mdogo kuliko kimoja cha ile ndogo. Nikarudia. Jumanne nikarudia tena saa saba, chumba kikiwa na joto. Kila mara ndogo ilitangulia.

Jumatano asubuhi gari lilikuwa tayari njiani. Niliingia kwa mkurugenzi nikiona mkataba wangu unaishia pale, nikamwambia nilikosea na ni kwa nini nilikosea. Nikamwekea mezani karatasi za mara tatu. Akazipitia moja moja.

"Gari inakuja kubeba moja," akasema. "Itabeba moja."

Akacheka, nami nikacheka huku machozi yananilenga.

Wiki iliyofuata, ile ndogo ikiwa kazini, ua wetu ulikuwa mtupu kabla ya saa nane. Mchimbaji mmoja alipopewa karatasi yake mapema vile alinifuata kwa wasiwasi, akaniuliza kama kweli tumelipima jiwe lake. Na miaka baadaye, tulipoandikiwa programu mpya inayogawa kazi, tulinunua seva yenye viini vingi, nayo ilitufaa sana.

Lakini jioni ya Jumatano ile nilikwenda kumwomba Tata Muteba radhi. Alinisikiliza, akanipa kijiko cha unga, akaniambia nipime mara tatu. Nikapata majibu matatu tofauti. Mzee alicheka hadi akashika meza, kisha akanifundisha kushika kijiko.

Basi, mwanangu, ukipewa kitu cha kupima, kipime kwa kazi ile ile kitakayofanya, na uwaulize wanaoisubiri kazi hiyo. Usiridhike na jibu la kwanza, hasa likiwa ndilo ulilolitaka. Na ukigundua umekosea, nenda ukaseme mwenyewe, mapema. Mungu akupe wakubwa wa kukuuliza maswali bila kukuaibisha, akupe moyo wa kuwajibu kweli, na kazi ya mikono yako iwafikishe watu nyumbani kwao mapema.