Mlango wa Upande wa Soko

Mama yangu aliuza sukuma wiki na viazi pale Ngara tangu nikiwa mtoto, na kila asubuhi alikunywa chai ya hoteli ndogo iliyopakana na soko. Aliinywa akiwa amesimama uchochoroni. Wanawake wa soko hawakuruhusiwa kuingia na vikapu vyao. Walipewa vikombe kupitia kidirisha cha jikoni, wakanywa upesi, wakavirudisha.

Kufikia miaka ya elfu mbili, hoteli ile ilikuwa imefungwa zamani na kugeuzwa ghala la mitumba. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nikiongoza kwaya na kikundi cha maigizo ambavyo havikuwa na pa kufanyia mazoezi. Nikaenda Parklands kumwona mwenye jengo, mzee wa Kihindi ambaye baba yake ndiye aliyeianzisha hoteli. Nilimweleza kwamba tunataka kuifufua iwe ukumbi wa watu wote: nyimbo, michezo ya kuigiza, hadithi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Chai itakuwepo?"

"Itakuwepo."

"Basi chukua. Lakini usiharibu kitu ya baba."

Wazazi wa wanafunzi wangu walijitokeza kila Jumamosi. Tulikwangua masizi darini, tukasugua sakafu nyekundu mpaka ikang'aa. Seremala mmoja kutoka Kangemi, baba wa msichana wa kwaya, akazitengeneza meza za mvule zilizokuwa zimelaliwa na marobota. Kazi ilipokaribia kwisha nikamleta mama aone. Alisimama mlangoni, akapitisha macho chumba kizima.

"Kumbe kulikuwa na meza nzuri hivi," akasema.

Mwenye jengo alikuwa ndani, akimwelekeza fundi azibe kile kidirisha kwa matofali, wezi wasije wakaingia. Mama akamwendea moja kwa moja.

"Mzee, usikizibe. Bomoa hapo chini yake, uweke mlango."

"Mama, ukuta hii alijenga baba yangu."

"Najua. Nimeuegemea miaka mingi kuliko wewe."

Nilitamani kumvuta mkono. Mzee alivua miwani, akamtazama vizuri.

"Ulikuwa unakunywa hapo nje?"

"Jua likiwaka, mvua ikinyesha."

"Mimi nilikuwa kijana, namsaidia baba jikoni," alisema polepole. "Nilikuwa naona mikono tu."

Kisha akamgeukia fundi. "Bomoa."

Siku ya kufungua, wanawake wa soko waliingia kwa mlango ule mpya, aproni zikiwa bado viunoni, vikapu mikononi. Hakuna aliyewaambia waviache nje. Kwaya yangu ilikuwa imeandaa nyimbo tatu. Tuliimba moja tu. Muuza ndizi alipiga kigelegele, mwenzake akaanzisha wimbo wa mavuno wa kwao magharibi, na mara ukumbi mzima ukawa unarusha mabega, hata wale wasiojua neno moja la lugha yake. Watu waliokuwa wakienda zao Westlands walisimama barabarani kuchungulia, na tukawaita ndani.

Mama hakucheza. Alichagua meza ya katikati, akavuta kiti, akaketi kwa nafasi kama bibi harusi. Mwenye jengo mwenyewe alimletea birika, akammiminia. Mama akaonja, tukamtazama sote.

"Ongeza sukari," akasema.